Kidhibiti cha Ndani: Niliyojifunza Nikihudumia Seva za Matawi Kutoka Kisumu

Ndani ya karibu kila seva ya kibiashara inayouzwa leo kuna kompyuta nyingine ndogo, yenye prosesa yake, memori yake, poti yake ya mtandao na programu yake, ambayo haitegemei mfumo endeshi wa seva yenyewe na huendelea kufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, mradi kebo ya umeme imechomekwa na umeme upo. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO, Lenovo huiita XClarity Controller, na jina la jumla la kifaa hicho ni BMC. Mimi nitakiita kidhibiti cha ndani. Kwa miaka ambayo nimesimamia mifumo ya chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu hapa Kisumu na matawi Kakamega, Bungoma, Busia, Kericho na Nakuru, kifaa hicho ndicho kilichoniwezesha kurekebisha mashine zilizo mbali bila kutafuta gari usiku, na ndicho pia nilichokikuta kimepuuzwa kuliko kitu kingine chochote katika vyumba vya seva.

Nilipoanza kazi hii, katika matawi mengi poti za vidhibiti hivyo zilikuwa tupu, hazina hata kebo. Muuzaji aliyezileta seva alizifunga vizuri kwenye raki, yaani fremu ya chuma ya kushikilia seva, akaweka mfumo endeshi, akapokea malipo yake na kuondoka. Chama kilikuwa kimenunua uwezo wa kuziona na kuziendesha mashine hizo kutoka popote, lakini uwezo huo ulikaa pale nyuma ya raki ukiwa haujaunganishwa na chochote. Kila seva ilipokwama, mtu alitumwa. Kutoka Kisumu hadi Nakuru ni kama kilomita 180 kupitia Ahero, Kericho na Mau Summit, na sehemu za juu za barabara hiyo hufunikwa na ukungu mzito usiku. Wakati fundi anasafiri, mwalimu aliyekuja kutoa mshahara wake amesimama dirishani, na mkulima wa majani chai anayesubiri mkopo wa karo anaambiwa arudi kesho. Hiyo ndiyo sababu inayonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Seva isiyopatikana ni pesa za watu zisizopatikana.

Kuchomeka kebo ni hatua ya kwanza tu, kwa kuwa swali kubwa zaidi ni kebo hiyo inaelekea wapi. Seva nyingi hutoa njia mbili: kidhibiti kitumie poti yake ya pekee, au kishiriki poti moja na seva yenyewe. Njia ya pili huokoa nafasi kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, na kwa sababu hiyo wengi huipenda, lakini mimi siikubali hata kidogo, kwa maana mtu akibadilisha mpangilio wa VLAN, yaani mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi, kwenye poti hiyo, seva na kidhibiti chake hupotea kwa pamoja, na utakuwa umefungiwa nje na kosa lile lile ulilotaka kulirekebisha. Hata hivyo, poti ya pekee nayo haisaidii sana iwapo kebo yake inaishia kwenye swichi ile ile, ruta ile ile na nyaya zile zile za faiba zinazobeba kazi ya tawi. Faiba hukatwa na wachimbaji wa barabara, na siku inapokatwa ndiyo siku ambayo unahitaji kujua hali ya seva kuliko siku nyingine yoyote.

Suluhisho tulilolifikia ni kuliwekea kila tawi ruta ndogo ya 4G pamoja na swichi yake ndogo, vitumike kwa vidhibiti vya ndani peke yake na visiguswe na kazi nyingine. Laini za kawaida za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya umma ya intaneti, kwa hiyo huwezi kuipigia ruta hiyo kutoka nje. Badala yake ruta yenyewe huanzisha VPN, yaani njia ya mawasiliano iliyofichwa kwa usimbaji, kuelekea makao makuu na kuiacha wazi muda wote. Tulitumia programu ya VPN iitwayo WireGuard kwa sababu ni nyepesi na hurudi yenyewe haraka laini inapoyumba. Ruta ya aina hiyo hutumia wati chache tu, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 huiweka hai kwa muda mrefu baada ya UPS ya raki, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, kuisha. Faida yake ilinishangaza. Nikiifikia ruta lakini sikifikii kidhibiti chochote, najua kwamba umeme umekwisha kabisa kwenye raki. Nikivifikia vidhibiti lakini seva haijibu, najua tatizo liko ndani ya seva. Na nikikosa vyote, nampigia simu meneja wa tawi kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Zamani hali zote tatu zilifanana kabisa kwenye skrini yangu, na kwa zote tatu tulitoa jibu moja: kumtuma mtu.

Tukio lililonionyesha thamani ya kazi hiyo kwa ukaribu lilitokea katika tawi la Nakuru. Umeme ulikatika usiku, betri za UPS zikaisha, umeme ukarudi alfajiri, na seva kuu ya tawi haikurudi pamoja nao. Karani aliyefungua ofisi aliniambia kwa simu kwamba taa za seva zinawaka na feni zinazunguka, na kwa macho yake hakukuwa na hitilafu yoyote. Alikuwa sahihi, kwa sababu kwa nje mashine ilionekana nzima. Nilipofungua skrini ya mbali kupitia kidhibiti cha ndani, niliona kile ambacho kingeonekana kama mtu angechomeka kioo na kibodi kwenye seva hiyo: ujumbe kwamba saa na tarehe zimepotea, na chini yake ombi la kubonyeza F1 ili kuendelea. Seva hiyo ilikuwa imesubiri kidole cha mtu tangu alfajiri. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi kuu, ambayo kazi yake ni kuishikilia saa wakati umeme haupo, ilikuwa imekufa.

Ningeweza kubonyeza F1 papo hapo kutoka mezani pangu na tawi lingefunguliwa kwa dakika chache. Lakini tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, na mfumo wa fedha ukiwaka na tarehe ya namna hiyo utaandika miamala na kuhesabu riba kwa siku zisizo za kweli, na kuisafisha kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kuchelewa kufungua mlango. Kwa hiyo nilibonyeza F2 badala yake, nikaingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, kupitia skrini hiyo hiyo ya mbali, nikaweka tarehe na saa, nikahifadhi, kisha nikaitazama mashine ikiwaka hatua kwa hatua hadi hifadhidata ikasimama. Baadaye tulibadilisha mpangilio wa BIOS ili seva isisubiri F1 kwa hitilafu ndogo, na tukanunua betri mpya kwa ajili ya mashine zote za umri huo katika matawi yote, kwa sababu vifaa vilivyonunuliwa pamoja huchakaa pamoja.

Kuhusu umeme, kuna mpangilio mmoja ambao ningetaka kila msimamizi wa seva katika sehemu zetu aukague leo: mashine ifanye nini umeme unaporudi. Kwa kawaida machaguo ni matatu, yaani ibaki imezimwa, iwake daima, au irudi katika hali iliyokuwa nayo kabla ya kukatika. Watu huchagua kuwaka daima bila kufikiri zaidi. Usiku wa 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya nchi, na tena katika giza lililofuata mwezi wa Novemba na Desemba mwaka huo huo, nilipata nafasi ya kuona umeme ukirudi, ukiyumba, ukakatika tena, ukarudi. Seva inayowaka kwa pupa kila umeme unapogusa nyaya hukatwa katikati ya kuwaka, na hifadhidata iliyo katikati ya kujirekebisha ndiyo iumiayo zaidi inapokatwa. Siku hizi mashine zetu za uhifadhi na zile za majina na utambulisho huwaka zenyewe baada ya kuchelewa kidogo, muda ambao hupangwa kwenye kidhibiti au kwenye BIOS, lakini seva ya hifadhidata hubaki imezimwa mpaka mmoja wetu athibitishe kwamba umeme umetulia na kuiwasha kwa mkono wake kutoka mbali. Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, kwa hoja kwamba tawi lisitegemee mtu aamke. Naiheshimu hoja yao, lakini nimeona gharama ya upande wa pili na bado nashikilia msimamo wangu.

Amri za kuzima nazo zinahitaji nidhamu. Kidhibiti hutoa kuzima kwa utaratibu, ambapo mfumo endeshi hupewa taarifa ufunge programu zake, na kuzima kwa nguvu, ambako ni sawa na kung'oa kebo. Vitufe vya amri hizo mbili hukaa karibu karibu kwenye ukurasa mmoja. Kwetu, hakuna anayezima seva kwa nguvu kabla ya mwenzake kusoma kwa sauti jina la mashine na namba yake ya usajili kutoka kwenye skrini, hata kama saa ni mbaya na wateja wamejaa ukumbini.

Kazi ambayo watu huiona ndogo, na ambayo mimi naithamini kuliko zote, ni kusoma kumbukumbu za matukio. Kidhibiti huandika kila kinachogusa mwili wa mashine: pawa saplai iliyopoteza umeme, feni iliyopunguza kasi, kifuniko kilichofunguliwa, moduli ya memori iliyoanza kusahihisha makosa mara kwa mara. Makosa hayo ya memori husahihishwa kimyakimya bila mtumiaji kuona lolote, lakini yakianza kuongezeka kwenye moduli moja, moduli hiyo inaelekea kufa, na una nafasi ya kuibadilisha mchana wa Jumamosi badala ya kungoja ikuangushe mwisho wa mwezi. Vivyo hivyo kwa pawa saplai. Seva yenye pawa saplai mbili huendelea kufanya kazi kwa moja bila malalamiko, na katika tawi moja niligundua kupitia kumbukumbu hizo kwamba moja ilikuwa imekosa umeme kwa wiki nyingi, kwa sababu mfanya usafi alichomoa plagi ili achomeke mashine yake naye hakuwa na namna ya kujua. Tangu hapo plagi za raki zina rangi yake, na kila mpya anayeajiriwa huonyeshwa.

Kumbukumbu hizo huwa hazina maana saa ya kidhibiti ikiwa si sahihi. Nimekuta vidhibiti vinavyoandika matukio kwa mwaka wa 1970, na vingine vinavyofuata saa ya kimataifa wakati seva yenyewe inafuata saa ya Afrika Mashariki, kiasi kwamba tukio moja linaonekana mara mbili kwa tofauti ya saa tatu. Elekeza vidhibiti vyote kwenye chanzo kimoja cha saa, na ufanye hivyo kabla ya kuhitaji kujua ni kipi kilitangulia kipi.

Joto linastahili maneno zaidi, kwa kuwa eneo letu lina hali zake. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa mifumo ya joto na ubaridi, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi, na watengenezaji wengi huruhusu hadi 35. Lakini kiwango hicho cha juu hupungua kadiri unavyopanda mlima, kwa sababu hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa seva kadhaa za Dell nilizozisomea vipimo vyake, kiwango hupungua kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 zinazozidi mita 950. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, kwa hiyo tofauti ni ndogo, ila Nakuru iko karibu na mita 1,850, na hapo umepoteza nyuzi 3 hata kabla ya kiyoyozi kuharibika. Watu hudhani kwamba Nakuru, kwa kuwa ni baridi, seva zake ziko salama, ilhali chumba kilichofungwa madirisha hakijui hali ya hewa ya nje. Kisumu shida ni nyingine. Hapa joto la mchana ni la kweli, kiyoyozi kikizimika Jumapili hakuna wa kuhisi, na mchoro wa kihisi cha hewa ya kuingia huanza kupanda taratibu. Tuliandika programu fupi inayouliza vidhibiti vyote hali ya joto, umeme na feni kila baada ya dakika chache na kutuma ujumbe wa simu hali inapovuka kiwango tulichokiweka sisi, ambacho kiko chini sana ya kile cha mtengenezaji, ili tupate muda wa kutenda.

Kazi hiyo ilirahisishwa na Redfish, kanuni iliyotolewa na shirika la DMTF mwaka 2015, inayokuwezesha kukiuliza kidhibiti maswali kwa HTTPS kama unavyouliza tovuti, nacho kikajibu kwa data iliyopangwa vizuri. Kabla yake tulitegemea IPMI, kanuni ya zamani ya kazi hiyo hiyo, ambayo ilianza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Intel, Dell, HP na NEC, na ambayo bado naitumia kwa mashine kuukuu, ila kwa tahadhari nitakazozieleza mbele.

Si kila kazi humalizwa kwa mbali. Diski hufa, na diski haiwezi kubadilishwa kwa VPN. Hapo kidhibiti husaidia kwa njia nyepesi ambayo wengi hawaijui: taa ya utambulisho. Kwa amri moja unawasha taa ya bluu mbele na nyuma ya seva moja tu katika raki nzima. Katika tawi la Bungoma, meneja, ambaye ni mama mwenye umri wa kunizaa, alijitolea kubadilisha diski mwenyewe huku nikiwa kwenye simu.

"Mama, simama mbele ya raki. Nimewasha taa ya bluu kwenye mashine moja, unaiona ikipepesa?"

"Naiona, mwanangu. Ni ya pili kutoka chini."

"Ndiyo hiyo. Sasa tazama diski za mbele, kuna moja yenye taa ya rangi ya chungwa."

"Ipo. Ya tatu kutoka kushoto. Niitoe?"

"Bado, Mama. Nihesabu na huku kwanza."

Nilihesabu, nikalinganisha nafasi hiyo na taarifa ya kidhibiti, nikamwomba anisomee namba iliyoandikwa mbele ya diski, ndipo nikamwambia aitoe. Katika mpangilio wa RAID 5, ambao husambaza data kwenye diski kadhaa, unaweza kupoteza diski moja na kuendelea, lakini ukichomoa nyingine iliyo nzima wakati ile mbovu bado haijabadilishwa, data yote inatoweka. Yule mama alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko mafundi wengi niliowahi kuwaona, na tangu siku hiyo ninaamini kwamba mtu asiye fundi anaweza kuaminiwa na raki, mradi umempa alama isiyoweza kukosewa.

Kuweka mfumo endeshi upya kwa mbali ni uwezo mwingine ambao vipeperushi vya watengenezaji huusifia sana bila kueleza hali za watu kama sisi. Kidhibiti hukuwezesha kulifanya faili la ISO, yaani nakala ya diski ya usakinishaji, lililo kwenye kompyuta yako lionekane kwa seva kama diski iliyochomekwa. Inafanya kazi. Lakini hesabu ni rahisi: faili la gigabaiti 4 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua karibu saa nzima hata laini ikiwa haina dosari, na mawasiliano yakikatika katikati unaanza upya. Ndiyo maana kila tawi lina kompyuta ndogo isiyo ya gharama inayohifadhi mafaili hayo ya usakinishaji, nacho kidhibiti huelekezwa kuyachukua kutoka hapo hapo tawini. Kinachosafiri kutoka Kisumu ni amri na picha ya skrini tu.

Sasa niseme kuhusu usalama, jambo ambalo linaninyima usingizi kuliko umeme. Aliyeingia kwenye kidhibiti cha ndani ameingia kwenye seva kwa namna ambayo programu ya kuzuia virusi iliyo ndani ya mfumo endeshi haiwezi kumwona. Anaweza kuizima mashine, kuiwasha kwa diski yake mwenyewe na kusoma kila kilichomo. Kwa miaka mingi seva za Dell zilitoka kiwandani na jina la root na nywila ya calvin, jambo linalojulikana na kila mtu anayetaka kujua, na nilizikuta zikiwa vile vile. Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alionyesha kwamba IPMI 2.0, kwa namna ilivyobuniwa, humpa mtu yeyote anayejua jina halali la mtumiaji alama iliyotokana na nywila, ambayo anaweza kwenda kuivunja kwa utulivu nyumbani kwake. Huo si ufa unaozibwa kwa sasisho, kwa kuwa uko ndani ya kanuni yenyewe. Mwaka 2017 ukatangazwa ufa katika iLO 4 ambapo mtu aliweza kupita bila nywila kwa kutuma herufi A mara 29 mahali fulani katika ombi lake. Nikisoma mambo haya nafikiria akiba za walimu na wakulima wetu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayotutaka tuzilinde taarifa zao, na sioni namna yoyote ya kuhalalisha kidhibiti kinachofikiwa moja kwa moja kutoka intaneti.

Kwetu vidhibiti vyote vimo kwenye mtandao wao wa pekee, ambao hata kompyuta za wafanyakazi wa tawi haziwezi kuugusa. Kuingia ni kwa VPN tu, kila msimamizi kwa jina lake, na kila kifaa kina nywila yake tofauti iliyohifadhiwa kwenye programu ya nywila, pamoja na nakala iliyo katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. IPMI kwa mtandao imezimwa kila mahali ambapo Redfish ipo. Katika mashine kuukuu zisizo na njia nyingine, faiwoli, yaani kizuizi cha mtandao, inaruhusu poti ya 623 kutoka kwa kompyuta moja tu ya makao makuu.

Kusasisha fimuwea, yaani programu iliyo ndani ya kidhibiti chenyewe, ni sehemu ya usalama huo huo, na ni kazi inayotaka subira. Huwa ninasasisha kidhibiti kwanza, kisha BIOS, kisha vingine, na ninasoma maelezo ya toleo, kwa sababu baadhi ya matoleo hayakubali kurukwa. Ninaifanya asubuhi. Katika maeneo ya Kakamega na ukanda wa ziwa, mvua za radi hupenda kuja alasiri, hasa kati ya Machi na Mei, na umeme kukatika katikati ya kuandika fimuwea kunaweza kuharibu bodi nzima. Kidhibiti chenyewe nacho hukwama mara nyingine, ukurasa ukagoma kufunguka ingawa seva inaendelea kuwahudumia wateja. Kikikwama hivyo, mtu mwenye haki ndani ya mfumo endeshi anaweza kukiwasha upya kwa programu ya ipmitool bila kuigusa seva, na wateja hawatajua. Ikishindikana, hubaki njia ya kupanga muda wa kuizima seva kwa utaratibu, kuchomoa kebo zote mbili za umeme, kusubiri nusu dakika na kuzirudisha.

Leseni nitaitaja kwa ufupi. Kwa iLO na iDRAC, skrini ya mbali kamili huhitaji leseni ya kulipia, na wanunuzi wengi huiondoa kwenye orodha ili kupunguza bei. Ukishiriki katika kuandika zabuni ya seva, iweke leseni hiyo mle ndani, kwa sababu bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gari, mafuta na siku moja ya tawi lililofungwa. Na ikishanunuliwa, ijaribu. Skrini za mbali za mashine kuukuu ziliandikwa kwa Java ya zamani, na vivinjari vya leo havikubali usimbaji wao wa kale. Tumehifadhi kompyuta moja pepe, yaani inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine, yenye kivinjari na Java za enzi hizo, ambayo haina njia ya kwenda intaneti, kwa ajili ya seva hizo peke yake.

Jambo la mwisho linahusu seva zinazoondoka. Chama kinapouza mashine kuukuu, kila mtu hukumbuka kufuta diski, na wachache sana hukumbuka kidhibiti cha ndani, ambacho bado kina majina ya wasimamizi, nywila, anwani za mtandao wetu, vyeti vya VPN ikiwa viliwekwa, na historia ya matukio ya miaka. Kabla seva haijapakiwa kwenye gari la mnunuzi, tunakirudisha kidhibiti katika hali ya kiwandani, tunafuta kumbukumbu zake, tunajaribu kuingia kwa nywila zetu za zamani ili kuhakikisha kwamba hazikubaliki, kisha wawili wetu tunatia sahihi kwenye fomu ya kuiondoa mashine hiyo katika rejista ya mali.